Kitabu Kilichopigwa Bandi

Wako wanaooa mwanamke, na wako wanaooa mwanamke pamoja na mama yake. Fundi cherehani tunayemzungumzia hapa alioa mwanamke pamoja na kitabu. Siku alipoingia nyumbani mwake, bibi harusi alikuwa na sanduku moja la nguo, na kwapani amebana kitabu kinene kisicho na jalada, cha lugha ya kigeni, ambacho mgeni mmoja alikisahau kwenye nyumba ya kulala wageni ambako bibi harusi alikuwa akitandika vitanda. Fundi akacheka, akauliza hicho nacho ni nini. Akajibiwa kuwa ni hadithi. Akauliza tena, kwani lugha yao unaijua? Mke akainua kidevu akamwambia kama asingeijua angekibeba cha nini, kwani yeye punda? Kuanzia siku hiyo Fundi akamwita Msomi, na jina likamganda hata majirani wakalisahau lile alilopewa na wazazi wake.

Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Chini ya dirisha kulikuwa na cherehani ya kukanyaga, kando yake meza ya kukatia iliyotapakaa chaki na vipande vya nguo, na juu ya kamba suruali za watu zikisubiri wenyewe. Nyuma ya cherehani ulikuwepo ukuta wa mbao nyembamba, na ng'ambo ya ukuta huo kitanda chao. Jioni wateja wakishaondoka, Msomi huvuta stuli yake, hukaa nyuma ya mgongo wa mumewe, hufungua kitabu na kuanza. Anaigeuza ile lugha kuwa Kiswahili palepale, bila kukwama, na Fundi anashona. Hakuwahi kugeuka kuangalia kurasa, maana mwenye sindano inayopanda na kushuka mbele ya vidole vyake hageukigeuki ovyo. Sindano haina adabu, haimjui hata mwenyewe. Kazi yake ikawa kusikiliza tu.

Nao walikuwa na sheria yao. Hadithi inatembea na cherehani. Cherehani ikivuma, Msomi anasoma. Cherehani ikinyamaza, kitabu kinafungwa, hata kama mtu wa kwenye hadithi yuko katikati ya daraja bovu na mguu mmoja uko hewani. "Imenyamaza," Msomi husema, "na wao wamelala." Fundi atabembeleza, atanuna, wapi. Ndiyo maana mashati mengi ya mtaa ule yana mishono miwili pale ambapo mmoja ungetosha.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Mtu Aliyefunika Uso. Huyu bwana aliwahi kumjibu mkewe vibaya mbele ya watu, na mke akaondoka bila kubeba hata kitana, akaenda kuishi katika nchi ya nyumba ndogo zisizo na madirisha, zinazosimama juu ya miguu, wanakokaa wanawake watupu na malkia wao. Mume kwa haya akajitanda kitambaa usoni. Akachukua chombo kinachofuka moshi, ili wenyeji wajue amekuja kwa amani, akaanza kwenda nyumba hadi nyumba akimtafuta. Njiani alikutana na mito iliyopanda milima, na mzee aliyeuza vivuli kwa watu waliopoteza vyao, na mji ambao kila mtu alikuwa akiota ndoto ya jirani yake. Fundi alishona huku ameiacha miguu yake kwenye pedali na roho yake kwenye miji hiyo. Mara nyingine mteja aliyechelewa alibisha hodi, naye akamtazama kama anayemtazama mtu chini ya maji.

Lililokuwa la ajabu, na ambalo mwanamume mwenye akili zake angelishtukia mapema, ni kwamba kila Fundi alipomuudhi mkewe, kesho yake Mtu Aliyefunika Uso alinyeshewa. Siku aliyosahau kurudi mapema kumpeleka kwa dada yake, yule bwana alilala shimoni. Fundi aliona ni mambo ya kusadifu tu. Tumwache.

Miaka ilivyokwenda, hadithi nayo ikabadilika. Madaraja mabovu yakapungua, mzee wa vivuli hakuonekana tena. Sasa Msomi alisoma polepole, akinyamaza katikati ya sentensi, akirudi nyuma. Alisoma jinsi yule bwana alivyoinua paa la nyumba moja siku ya jua, taratibu, asiwashtue waliomo. Jinsi wanawake wa nchi ile walivyorudi jioni na vumbi la maua miguuni, na mlinzi wa mlangoni akamnusa kila mmoja kabla ya kumruhusu kuingia. Jinsi malkia alivyotoka adhuhuri moja, na taifa zima likamfuata angani hadi kwenye tawi la mti. Fundi aliipenda sehemu hii kuliko madaraja, ingawa hakujua kwa nini. Akamwambia mkewe naona mwandishi naye amezeeka, ametulia. "Hapana," Msomi akasema, "ni mimi ndiye sasa nasoma vizuri." Fundi akacheka. Asiyejua maana haambiwi maana.

Kisha Msomi akaugua. Stuli ikabaki tupu na kitabu kikahamia kitandani, lakini ukuta ulikuwa mwembamba na hadithi ikapita kwenye mbao. Fundi alijifunza kukanyaga pole ili sauti ya cherehani isiimeze sauti ya mke. Siku hizo Msomi alizusha mchezo mpya: anagonga ubao mara mbili, ko, ko. Mara ya kwanza Fundi alikurupuka na mkasi mkononi, akadhani ni maji au ni maumivu. Akaambiwa si kitu, arudi kazini. "Nikigonga, wewe vumisha cherehani tu. Nisikie." Fundi aliona ni mambo ya mgonjwa, na mgonjwa habishiwi. Ikawa hivyo kutwa: ko, ko, naye anazungusha gurudumu, hata kama hana nguo chini ya sindano.

Jioni ya mwisho, Mtu Aliyefunika Uso alifika kwenye nyumba ya mwisho. Ilikuwa majira ya baridi. Miti imepukutika, hakuna hata mmoja aliyekuwa nje. Hakujua kama waliomo ndani ni wazima au wamekufa, wala kama mkewe yumo. Akasimama mlangoni, akainua kidole agonge. Na hapo, jamani, uzi wa Fundi ukakatika, na cherehani ikanyamaza.

Fundi aliomba. Alisema dakika moja tu, ngoja nitunge uzi. Ng'ambo ya ukuta Msomi akacheka kicheko chake kidogo, kilichokuwa kimebaki nusu. "Sheria ni sheria, Fundi. Na mwisho unaujua." Asubuhi akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Watu walikuja wakalia, wakaondoka. Fundi hakulia sana mbele yao, na wengine wakamsema. Hawakujua kwamba alikuwa amekwama mlangoni na mtu mwenye kidole hewani. Alikuwa akijiuliza swali moja tu, akiamka nalo na kulala nalo: mlango ule ulifunguliwa au haukufunguliwa? Aliona kama uzi wake ndio uliomuua mkewe. Ni upuuzi, naam, lakini mfiwa hafikiri kwa akili za mahakamani.

Binti yao, mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ya kupanga watoto mstari, alikuja kila mwisho wa wiki. Alitaka baba afunge duka ahamie kwake, chumba kiko tayari, wajukuu wanamuuliza. Fundi alijibu jibu lilelile: nimalize kitabu kwanza. Binti akatazama kile kitabu. Akamtazama baba yake, ambaye hata gazeti la Kiswahili humpa usingizi kabla ya kugeuza ukurasa. Akamuuliza kwa upole, upole ule wa chekechea, atakisomaje kitabu ambacho hajui hata herufi zake zinaanza kucheka wapi na kulia wapi. Baba akasema hadithi anaijua. Maneno yatajileta yenyewe.

Wala hakuwa mjinga sana katika hilo. Kulikuwa na michoro michache: nyumba zisizo na madirisha, zimepangwa chini ya miti, mtu aliyejitanda kitambaa usoni, chombo cha moshi. Chini ya kila mchoro, maneno. Fundi akaanzia hapo. Neno lililokaa chini ya nyumba lazima lina nyumba ndani yake, au siyo? Akalitafuta kurasa za mbele, akalikuta limekaa na jirani yake, na kurasa nyingine limekaa na jirani mwingine. Neno moja lilijaa kila mahali, na kwa kuwa hadithi ilikuwa ya taifa zima, akalipa maana ya watu. Akaendelea hivyo, akishika la huku akilipima na la kule.

Hakuandika kitu, kalamu si chombo chake. Alitumia anachokijua. Mshonaji asipokuwa na hakika na mkunjo hupiga bandi, yaani hushikiza kwa mishono mirefu ya uzi mweupe, legelege, inayotoka kwa kuvuta ncha. Basi Fundi akawa anapiga bandi maneno. Neno alilolikisia alilipitishia uzi mweupe chini yake, kwenye karatasi yenyewe. Likikubali mahali pengine, na pengine tena, anautoa ule mweupe na kuweka uzi wa rangi: bluu kwa vitu, nyekundu kwa vitendo, kijani kwa yale maneno madogo yasiyo na kazi ila kuwashika wenzao mikono. Likikataa, anavuta ncha, linarudi kuwa uchi. Kurasa zikaanza kuchanua.

Lugha ikaingia dukani polepole kama harufu. Maneno hayakuwa na sauti, maana hakuwahi kuyasikia kwa mtu, akayapa sauti za kwake. Akawa anayanong'ona akikata vitambaa. Alasiri jua likishaegemea meza, macho yakiwa mazito, aliyaona yakiinuka kutoka kwenye karatasi na nyuzi zao miguuni, yakizunguka chumba, yakitua begani mwa kanzu iliyoning'inia na kuruka tena. Mara alimuona Msomi mlangoni, akiyanusa moja moja kabla ya kuyaruhusu kuingia. Mteja akimwita aliitikia kwa lugha ile, kisha akaomba radhi kwa Kiswahili.

Kuna jambo lilimsumbua. Nusu ya kwanza ya kitabu ilikuwa kaidi. Alitafuta daraja bovu, hakuna. Alimtafuta mzee wa vivuli, akapiga bandi na kuzivuta hadi karatasi ikawa kama chujio. Na kuna mahali kurasa zilikatwa, zikabaki vipande vya pembeni vyenye meno meno. Akajiambia mwanzoni mwandishi alitumia lugha ya kale, ngumu. Lakini nusu ya pili, ile ya vumbi la maua na tawi la mti, ilikaa kwenye hadithi ya Msomi kama koti lililopimwa. Neno kwa neno, bwana. Hapo Fundi alisoma akilia, na machozi yalikuwa ya furaha, kwa sababu alisikia sauti ya mkewe ikipita chini ya zile nyuzi.

Hatimaye akafika kwenye kitambaa cha kijani. Ndicho alichokiweka Msomi kuashiria aliposimama. Kidole kimeinuliwa. Fundi akaosha mikono, akageuza ukurasa, na taa ikazimika. Si taa ya umeme, ni ile aliyotembea nayo njia yote: hakuna tena hadithi ya kumwonyesha. Maneno moja moja aliyajua, baridi, nyumba, kidole, sikio, watu, lakini yalisimama kila moja peke yake kama wageni kwenye kituo. Akajaribu leo, akajaribu kesho. Mlango haukufunguka. Binti akaja na maboksi ya kuhamia, akayaweka kwenye kona, na maboksi yakakaa pale yakimtazama.

Ghorofa ya juu ya nyumba ya pili alikuwa amehamia mwanamke mgeni, mpima damu wa maabara ya hospitali, na mtaa ulisema ametoka nchi ya lugha ileile. Naye alikuwa akijifunza Kiswahili kwa njia yake, kwa kusoma kila kilichoandikwa mbele ya macho yake: mabango, pakiti, chupa za dawa. Kwa hiyo aliongea Kiswahili safi cha kwenye vibandiko. Alileta suruali ipunguzwe urefu, akaweka mezani, akasema kwa heshima zote, "Mpendwa mteja, tikisa kabla ya kutumia."

Fundi hakucheka. Akatoa sentensi nzuri kuliko zote alizonazo, aliyoikariri kwa muda mrefu, ya kumkaribisha mgeni asisimame mlangoni kwenye mvua. Mgeni akaguna. Akamwomba arudie. Akarudia. Mgeni hakuambulia hata silabi, na Fundi akaona bora amfungulie ukurasa na kumwekea kidole. Mgeni akaona zile nyuzi za rangi, akasahau sentensi, akapapasa karatasi kwa ncha ya kidole, mstari hadi mstari, midomo wazi. Kisha akasoma. Kisha akamtazama Fundi, akatafuta maneno.

"Hapa inasema, usifunue mzinga wakati wa mvua."

Fundi akauliza mzinga gani. Mgeni akaonyesha nyumba zisizo na madirisha. Fundi akasema hizo ni nyumba za watu. Mgeni akatikisa kichwa, akaweka kidole juu ya lile neno lililojaa kila mahali, lenye uzi wa bluu kila ukurasa. "Si watu, Fundi. Nyuki." Na kwa kuwa aliona hajaeleweka, akafanya mkono wake kuwa kitu kidogo kinachoruka, akavuma kwa midomo. "Nyuki. Asali. Hiki ni kitabu cha kufuga nyuki."

Kuna ukimya wa mtu anayefikiri, na kuna ukimya wa mtu aliyevutiwa kiti akiwa anaketi. Fundi alikaa chini. Akakivuta kitabu kwake, akafungua pale penye kurasa zilizokatwa, akatazama yale meno meno ya pembeni. Meno sawasawa, madogo, ya mkasi wa meno. Mkasi wenyewe ulikuwa unaning'inia kwenye msumari mbele ya pua yake, ule ule anaokatia ncha za vitambaa visifumuke. Fundi mzima, mikono imeota sugu kwa mkasi ule, na hakuutambua mkato wake! Michoro ya nyuki ilikuwa hapo, na Msomi aliikata.

Alikasirika. Msinitazame hivyo, ninyi mngefanyaje? Alikasirika hadi masikio yakapata moto. Akaona ameshonea upepo maisha yake yote. Hakuna nchi ya nyumba ndogo, hakuna haya, hakuna mke aliyeondoka bila kitana. Lililokuwa baya kuliko yote, hakuna mwisho. Alikuwa akibisha hodi kwenye mlango uliochorwa ukutani. Mwanamke alikuwa hajui hata neno moja, akamtungia uongo, akafa nao, na sasa hakuna mtu duniani wa kumuuliza kama mkono ule uligonga. Akamwambia mgeni amsamehe, suruali itakuwa tayari kesho, duka limefungwa.

Mgeni hakuondoka. Alivuta stuli ya Msomi bila kujua ni ya nani, akakaa, akamwomba amhadithie. Hadithi ipi? Hiyo hiyo, ya watu. Fundi alikataa, kisha akakubali, kwa sababu mdomo wa aliyebeba jambo peke yake haushikiki. Akasimulia kama alivyosomewa na mkewe: daraja, mito, mzee wa vivuli. Mgeni akapekua, akatikisa kichwa: hakuna. Akasimulia jinsi paa lilivyoinuliwa siku ya jua. Mgeni akasimamisha kidole. Akasimulia vumbi la maua, na mlinzi anayenusa. Mgeni akafuata mstari kwa kidole, haraka, akageuza ukurasa, akafuata tena. Akasimulia malkia na tawi la mti.

"Ipo," mgeni akasema. "Hii yote ipo. Kama ilivyoandikwa."

Fundi akamwangalia. Mgeni akahangaika na Kiswahili chake cha chupa za dawa, akaeleza kadiri alivyoweza. Mwanzo huyu mama alikuwa akiangalia picha tu, akatunga. Lakini aliendelea kuangalia. Kila jioni, ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka, neno likirudi na kurudi. Huku nyuma, mwishoni, hatungi tena. Huku anasoma. "Amejifunza," akasema. "Peke yake. Kama wewe."

Ni mimi ndiye sasa nasoma vizuri. Fundi alikisikia kile kidevu kikiinuka nyuma ya mgongo wake. Hasira ikamtoka yote kwa mkupuo, ikabaki hamu tupu. Alikuwa amefuata nyayo za mkewe kwenye lugha ile bila kujua kwamba naye alipita hapo akikisia, akianguka, akirudi nyuma, bila kumwambia mtu. Angesema tu, wangekosea pamoja. Lakini mwanamke aliyeinua kidevu siku ya kwanza atakishusha siku gani? Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Akafungua penye kitambaa cha kijani, akakisogeza kitabu kwa mikono miwili. Akamwambia mgeni kwamba hapa kuna mtu amesimama mlangoni, ni baridi, ameinua kidole, na yeye anaomba ajue tu kilichotokea.

Mgeni akasoma kimya kwanza. Kisha akaanza kutafsiri, taratibu, kwa yale maneno yake ya kwenye vibandiko, na kwa mara ya kwanza yalikaa mahali pake.

"Wakati wa baridi, usifungue. Ukifungua, baridi itaingia, watakufa. Usiogope pia. Gonga kwa kidole, mara mbili, polepole. Weka sikio. Kama wazima, watakujibu. Watavuma. Ukisikia wanavuma, usiongeze kitu. Nenda zako kwa amani. Inatosha."

Akageuza ukurasa kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya kitabu.

Fundi alimshukuru, akamwambia suruali haitalipiwa, akamsindikiza hadi mlangoni kama ipasavyo. Aliporudi akakuta binti yake amekwishaingia kwa mlango wa uani, amesimama katikati ya duka na gundi ya karatasi mkononi, tayari kwa maboksi. Binti akaona sura ya baba yake, akaweka ile gundi chini. Akauliza kuna nini, baba.

Akamweleza. Akaeleza nyuki, na mkasi wa meno, na jinsi mama alivyojifunza. Binti alicheka kwanza, akasema mama huyo, mama yangu yule, kisha akaacha kucheka, kwa sababu baba alikuwa amefika kwenye ukuta wa mbao na ameweka kiganja juu yake.

"Alikuwa akigonga," Fundi akasema. "Hapa. Kutwa. Nikadhani anataka maji. Kumbe ameshafika mwisho wa kitabu, mwanangu, ananisomea mwisho. Aliniambia unaujua, nikadhani ananitania."

Binti akapita kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na Fundi akasikia kitanda kikilia alivyokaa, upande uleule wa ukutani. Fundi akarudi kwenye cherehani kwa sababu miguu haikujua pengine pa kwenda. Nje watu walikuwa wakirudi makazini, mmoja mmoja, na jua la jioni limewapaka vumbi miguuni. Maboksi yalikuwa bado kwenye kona. Hakukuwa na nguo chini ya sindano, wala uzi kwenye sindano.

Ng'ambo ya ukuta, ikasikika: ko, ko.

Fundi akaweka mguu kwenye pedali, akakanyaga.